Majani Yaliyochomwa Siku ya Hija

Jamani wana jumuiya, na ninyi mliosimama kule nyuma karibu na mlango, sogeeni. Mimi Restituta si mtu wa kusimama mbele za watu, ila nikishaanza kusema huwa sinyamazi, mnanijua. Nataka kuwasimulia habari za ntambo wa akina Pankras, ule mlima unaotazamana na kibaraza changu. Niliziona kwa macho yangu tangu mwanzo hadi mwisho, na bado kuna mahali zinanichanganya. Mkiniona nimekwama, msidhani nimesahau. Nimekwama kweli.

Pankras alipokuwa hai, mlima ule ulikuwa raha kuutazama. Ninyi mliozaliwa hapa hamhitaji kuelezwa, lakini wapo wakwe na walimu waliotoka mbali, basi nawaambia wao. Kwetu Umatengo mlima ulio kati ya vijito viwili ni wa ukoo mmoja, ndio ntambo. Mvua zikiwa bado zinanyesha, wanaume hufyeka majani, huyaacha yanyauke, kisha huyalaza chini kwa mistari ya kupishana mpaka mlima mzima unakuwa miraba. Halafu wanawake huchimba udongo katikati ya kila mraba na kuyafunika yale majani. Panabaki shimo, na kuta zake ndizo tunazopanda maharage. Hizo ndizo ngolo. Maji yakija yanaingia shimoni yanatulia. Ukitazama kwa mbali utadhani sega la nyuki.

Jioni nilikuwa nakaa kibarazani nikipembua mchele, nasikia watoto wa Pankras wakicheka kule chini, na kutoka kigangoni nasikia kwaya ya Edmund wakijifunza sauti ya pili. Edmund ni mdogo wake Pankras. Nilikuwa nasema moyoni, Mungu ametupa nini zaidi ya hapa?

Pankras akaugua, akafa. Katika kikao cha ukoo baada ya mazishi, wazee walimkabidhi Edmund usimamizi wa ntambo wote. Sehemu ya juu ni yake na mkewe Tadea. Sehemu ya chini ikabaki kwa mjane, Albina, na binti zake wawili, Luisa na Ida. Na wazee wakasema neno moja mbele ya wote: ikiwa Albina atashindwa kuwalisha watoto hawa, ukoo utawagawa kwa ndugu wa baba yao, maana mahari ilitolewa na watoto ni wa ukoo. Albina alikuwa ameinamisha kichwa. Yeye ni Mnyasa wa Lituhi, kando ya ziwa. Ndugu zake wangempokea, lakini angekwenda peke yake.

Edmund akasimama akasema, "Shemeji, usiogope. Nitakutunza kama kaka alivyokutunza." Akatokwa na machozi. Machozi ya kweli, nilikaa karibu naye.

Sasa sikilizeni vizuri. Edmund hakuwa mlevi. Hakuwa mhuni, hakumpiga mkewe, hakuiba mali ya marehemu. Angekuwa mlevi ningejua la kusema, na ningelisema asubuhi na mapema! Alikuwa mwenyekiti wa jumuiya yetu na mwalimu wa kwaya. Mtu akiugua, Edmund wa kwanza kufika na rozari. Mkifiwa, yeye ndiye anaongoza nyimbo mpaka kunapambazuka. Watu walimpenda, na mimi nilimpenda. Ndiyo maana nachanganyikiwa.

Miaka ile, mnakumbuka, biashara zilikuwa zimefunguliwa. Wanunuzi wa kahawa walikuja na magari yao mpaka milangoni, chama cha ushirika kimelala usingizi, na wanaume wetu wakageuka madalali, leo Mbinga, kesho Kitai. Ule utaratibu wetu wa kwenda kwa huyu leo na kwa yule kesho, tunalima pamoja tunakula pamoja, ukafa. Kila mtu kivyake. Kwa hiyo Albina hakuwa na mwingine wa kumlazia majani isipokuwa Edmund. Na mwanamke kwetu halazi majani, si kazi yake. Kama desturi hiyo ni nzuri au mbaya, siku nyingine tutabishana.

Majani yalipofika kiunoni, Albina alipanda mlima kwenda kwa shemeji yake. Nilikuwepo, nilikwenda kuazima kinu.

"Shikamoo mama," Edmund aliniamkia.

"Marahaba, mwanangu."

Albina hakukaa. Akasema, "Shemeji, majani yamekuwa marefu. Wenzetu wameshaanza kulaza."

"Nimeona, shemeji. Ila unajua tunaandaa hija ya Kwaresima, tunakwenda Kigonsera kwa miguu, tunalala kigango kwa kigango, mwezi mzima. Mazoezi ni kila siku. Vuta subira kidogo."

"Nitavuta. Lakini maharage hayavuti subira. Na nisipovuna, shemeji, unajua wazee walivyosema. Wataninyang'anya Luisa na Ida."

"Hawatakunyang'anya! Jina lako nimeliweka la kwanza kwenye nia za hija. La kwanza, shemeji! Tutakuombea njia nzima."

Albina akashukuru. Alishukuru kwa moyo, msidhani ni kejeli. Lakini alipogeuka nikaona anatazama yale majani, kisha anamtazama Edmund, kisha tena majani, kama mtu aliyepewa kitu asichojua atakishika wapi.

Tadea, mke wa Edmund, alikuwa anasonga ugali. Akasema bila kuinua macho, "Baba Kwaya, hiyo nia anaijua Mungu. Majani anayajua nani?"

"Mke wangu, usianze."

"Sijaanza. Nauliza tu."

Basi Edmund akapata wazo. Akaipeleka kwaya yote ntamboni alasiri moja. Ee, siku ile ilipendeza! Vijana wamevua mashati, wanafyeka huku wanaimba, sauti nne zinapanda mlima. Niliacha kazi zangu nikasimama kuwatazama. Albina na Tadea waliwapikia togwa. Jua linakaribia kuzama, majani yote yamelala chini, sehemu ya Edmund na sehemu ya Albina, na kila mtu anasema hii ndiyo jumuiya ya Kikristo. Na mimi nilisema hivyo hivyo.

Lakini majani yaliyofyekwa bado hayajalazwa. Kufyeka ni kazi ya kuimba. Kulaza ni kazi ya kuinama, mstari kwa mstari, mtu yuko peke yake na mgongo wake, wala hakuna anayepiga makofi. Vijana walirudi kwenye mazoezi, Edmund akawa nao. Majani yakakaa yakikauka. Mvua nayo ilisita siku hizo, jua likawaka vizuri sana.

Siku ya kuondoka hija, asubuhi, natoka nje naona moshi ng'ambo. Nikaweka mikono mdomoni nikapiga kelele kama tunavyoitana hapa mlima kwa mlima.

"Edmundiii! Kuna nini hukooo?"

"Naandaa shamba la shemejiii! Nachoma majaniii!"

"Unachoma? Utalaza nini weweee?"

"Mwaka huu watalima sesaaa! Bondeni wanalima sesa na wanavunaaa!"

Jamani! Mtoto wa Kimatengo anasema sesa, yaani ulime udongo mtupu, tambarare, bila mashimo, kwenye mlima uliosimama kama ule! Nilidhani sijasikia vizuri. Lakini hata hapo sikujua nimkasirikie au nimhurumie, kwa sababu nilimwona ameshavaa shati jeupe la hija, na katika haraka ile alikuwa amepanda mlimani kwa ajili ya mjane. Hakutaka kuondoka na kazi haijafanyika. Alitaka imalizike asubuhi ile, na moto humaliza upesi.

Baadaye nilivuka kijito nikamkuta Tadea ameketi juu ya jiwe, majivu yanamrukia kichwani.

"Umemwacha tu?" nikamuuliza.

"Mama, nimesema mpaka sauti imekauka. Ameniambia imani yangu ni ndogo."

Na Albina je? Albina alichukua jembe. Kwao Lituhi pwani ya ziwa ni tambarare, wanalima muhogo kwenye sesa, na hilo alilijua tangu utoto. Ngolo alizikuta kwa mume. Shemeji yake, msimamizi wa ntambo, mwenyekiti wa jumuiya, amesema sesa inafaa, yeye nani wa kubisha? Akalima, akapanda maharage chini. Tadea naye akalima juu akinung'unika, maana wakati wa kupanda ulikuwa unapita na majani ya kulaza, ya kwao pia, yamekuwa majivu. Maharage yakaota. Yalikuwa mazuri, ya kijani, na Albina aliniita nije kuyaona. Nikasema labda mimi ndiye mjinga.

Kisha mvua ikarudi.

Ilianza mchana, na ilikuja na hasira ya siku zote ilizosita. Nilisimama kibarazani sikuweza hata kukaa. Kwenye milima ya koo nyingine maji yaliingia mashimoni, mashimo yakajaa, yakatulia. Kwa akina Pankras hapakuwa na shimo la kuyapokea. Yalishuka kutoka kwa Edmund yakiwa mekundu, yakachukua udongo na maharage ya Tadea, yakafika kwa Albina yamekwishakuwa mto. Nilimwona amesimama shambani na ungo mkononi. Ungo, ndugu zangu. Alikuwa anauweka mbele ya maji. Luisa analia mlangoni, amembeba Ida mgongoni. Nilipiga kelele aondoke, hakunisikia.

Mvua ilipokatika, mlima ulikuwa na mifereji ninayoweza kusimama ndani yake. Mizizi ya mibuni ya kahawa iliyo pembezoni ilikuwa nje. Maharage hayakuwepo, ya juu wala ya chini.

Siku zile alipita Mosi, yule mama Mwislamu anayetuletea usipa, dagaa wa ziwani, kutoka Mbamba Bay. Alikuwa amezoea kumuuzia Albina na kumpa salamu za kwao. Akatua ndoo yake, akautazama mlima.

"Mama Restituta, huyu shemeji yake si ndiye yule mwenye kwaya?"

"Ndiye."

"Na yuko wapi sasa?"

"Amekwenda kumuombea."

Mosi akanitazama kuona kama namtania. Alipoona sitanii, akachota usipa akaweka kwenye sahani, nimpelekee Albina, akaondoka bila kuuliza tena. Aibu niliyoisikia siku ile siwezi kuieleza.

Hija ikarudi. Tuliwasikia kabla ya kuwaona, wanaimba, wana tope mpaka magotini, nyuso zinang'aa. Edmund mbele ameshika msalaba. Walipofika penye kona inayotazama ntambo, wimbo ukakatika sauti moja baada ya nyingine. Bezi, wale wa sauti nzito, ndio walikuwa wa mwisho kunyamaza, wao walikuwa nyuma.

Edmund alimkabidhi mtu msalaba, akashuka mpaka kwa Albina. Nikawafuata.

"Shemeji," akasema, "shemeji, mimi nilikuombea. Kila kituo nilikutaja."

"Uliniombea nini, shemeji?"

"Mvua njema."

Albina akatazama mlima. "Mvua imekuja," akasema.

Hakusema kwa hasira. Ingekuwa heri angetukana. Edmund akaanza kuzungukazunguka uani akisema, "Sielewi. Sielewi kabisa. Mama Restituta, mimi sielewi. Nilitembea mpaka miguu ikatoka malengelenge. Nilifunga. Nimekosa nini? Ni jaribu? Au kuna mtu ametufanyia uchawi?"

Tadea alikuwa amefika. Akamshika mkono mumewe, kwa upole, nisingeweza upole ule.

"Hakuna aliyetufanyia, Baba Kwaya. Uliomba Mungu amtunze Albina. Mungu akakupa majani. Ukayachoma."

Edmund akaketi chini palepale kwenye tope.

Mngependa niseme kwamba hapo mambo yakawa sawa. Hayakuwa. Wazee wa ukoo walikaa. Edmund aliwaambia, "Watoto wasigawiwe. Nitawalisha mimi." Mzee mmoja akamuuliza, "Kutoka ghala gani?" Na kweli, ghala gani? Maji yalianzia kwake. Hakuwa na cha kumpa mkewe, atampa nini mjane? Wengine wakasema jumuiya isaidie, na jumuiya ikatoa, kisado cha mahindi hapa, debe pale, lakini ule ulikuwa mwaka wa kila mtu kivyake na vyakula vyenyewe vilikwisha upesi. Ikaamuliwa Ida abaki kwa kuwa bado ni mdogo sana. Luisa aende Kitai kwa shangazi yake.

Jumapili kabla Luisa hajaondoka, padre hakuja kigangoni, na Edmund ndiye aliyepaswa kuongoza ibada. Alisimama mbele. Akafungua kitabu. Akatutazama muda mrefu mpaka watoto wakaanza kucheka. Akakifunga, akasema, "Nisameheni. Leo sijui niseme nini." Akatoka nje. Wengine wakaanza wimbo, wengine wakasema akili imemruka, wengine wakakimbilia mlangoni. Mimi nilikwenda mlangoni.

Alikuwa ameshachukua mundu. Alishuka kijitoni kwenye majani ambayo moto haukuyafikia, akafyeka, akabeba mzigo kichwani akapanda nao kwa Albina, akaanza kulaza. Peke yake, na shati lake jeupe. Bibi mmoja akasema kufanya kazi Jumapili ni dhambi. Mwingine akasema hapana, ni sadaka. Wakabishana mpaka mwisho wa ibada, na mimi sikujua nani ana haki, sijui hata leo. Ninachojua ni kwamba vijana wa bezi walivua mashati wakamfuata, safari hii hakuna aliyeimba.

Lakini wakati wa maharage ulikuwa umepita. Jumatatu Luisa akapanda lori la kwenda Kitai, ana kifurushi na chupa ya togwa. Albina alisimama barabarani hata lori lilipokwisha kupotea. Edmund alisimama nyuma yake.

Tangu mwaka ule, Edmund hulaza majani ya Albina kwanza, ndipo yake. Ngolo zilirudi taratibu, udongo ukarudi, mibuni iliyofukiwa mizizi ikashika. Miaka mingi ikapita, ndipo ilifika misimu Albina akavuna magunia na kuuza mengine. Wazee wakaridhika, wakasema mtoto arudishwe.

Siku Luisa aliporudi tulijipanga wote njiani na vigelegele. Alishuka amekuwa binti mrefu. Akaamkia wazee, akafika mbele ya Albina, akapiga magoti kwa adabu nzuri. "Shikamoo, mama mkubwa," akasema. Kisha akageuka kutafuta kwenye lori, akauliza, "Na mama yangu ameshuka?" Alimaanisha shangazi.

Albina akamwinua, akamkumbatia, akasema, "Marahaba, mwanangu. Karibu nyumbani." Nikamtafuta Edmund kwa macho. Alikuwa ameketi kwenye ukingo wa barabara, mundu mapajani, analia kama siku ile ya mazishi.

FUNZO

Wana jumuiya, sisemi tusisali. Atakayetoka hapa akasema Restituta amekataza sala, nitamfuata mpaka kwake. Edmund alisali vizuri kuliko sisi sote. Nasema kwamba tukimwomba Mungu amtunze mtu, mara nyingi jibu amekwisha kulilaza chini ya miguu yetu, likiwa majani, likiwa jembe, likiwa siku mbili za mgongo kuuma, na sisi tunalichoma kwa sababu tuna haraka ya kwenda kuomba tena. Aliyekabidhiwa ntambo hakupewa awe mkubwa wa ntambo, amepewa autunze pamoja na walio chini yake, maana maji yakianzia kwake hayaishii kwake. Na madhara mengine ukishayatenda unaweza kuyatengeneza, shamba litapona, kahawa itapona, lakini miaka ya mtoto kumjua mama yake hairudi hata ukifyeka mpaka ufe. Kwa nini Mungu aliacha iwe hivyo kwa mtu mwema kama Edmund, msiniulize. Hapo ndipo ninapokwama.

Sasa tazameni nje. Majani yamefika tena kiunoni. Vitalia wa pale juu mumewe ameshikwa na mgongo, yuko kitandani, na nimesikia tumepanga kesho kwenda kumwombea. Twendeni. Mimi nitabeba rozari, moja inatutosha. Ninyi wengine bebeni mundu, na mtu asirudi nyumbani kabla mstari wa mwisho haujalazwa.